Wote Nilikuwa Nikiwaita Mwewe

Kaskazi ya kwanza niliyofuga kuku wa kienyeji nilikuwa na vifaranga 14 chini ya tembe mmoja mwekundu. Krismasi ilipofika walikuwa wamebaki 5. Kila alipopotea mmoja, jirani akiniuliza nilimjibu neno moja tu: mwewe. Kumwona sikumwona. Niliona kivuli kikipita uani, nikasikia tembe anapiga kelele, nikatoka mbio na mwiko mkononi, na juu ya minazi palikuwa na ndege wa kahawia anazunguka polepole. Nilitaka ushahidi gani tena?

Naishi ng'ambo ya daraja la mto Sabaki, ukitoka Malindi mjini kwenda Mambrui. Ndege wa kuwinda huku hawakosekani mwaka mzima, lakini kuanzia kama Novemba mpaka Machi huzidi. Ulaya na Asia zikishikwa na baridi, wa kule huteremka huku kutafuta riziki. Baridi yao ndiyo kaskazi yetu. Sisi tunalala nje kwa joto, wao wamekimbia theluji. Wakati ule sikuyajua haya. Nilijua hesabu ya vifaranga tu.

Nikaenda dukani, nikamweleza muuzaji shida yangu, akanivuta pembeni na kunipa kipakiti cha sumu. Shilingi 350. Maagizo yake: paka kwenye matumbo ya samaki, weka juu ya paa, asubuhi utaokota. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Naandika hivi nikiona haya, lakini sina sababu ya kuificha, maana najua si mimi peke yangu niliyewahi kupewa kipakiti cha aina hiyo.

Aliyenizuia ni mjomba. Ni mvuvi aliyestaafu, macho ya karibu yamemtupa mkono ila ya mbali bado makali. Alikikuta kipakiti dirishani.

"Mwanangu, hii ina macho?"

"Macho gani, mjomba?"

"Ya kumjua mwizi. Kama haina, itamla paka wako, itamla mbwa wa watu, na huyo atakayemla paka aliyekufa itamla naye. Wewe mwizi wako unamjua?"

Nikasema mwewe. Akacheka. Akanipa sharti: nikae chini ya mwembe siku nane, asubuhi na jioni, niandike kila kinachokaribia kuku. Nikishamjua mwizi kwa sura, nifanye nitakalo.

Nilichukua daftari la shule la binti yangu lililobaki kurasa. Siku ya kwanza niliandika "mwewe" mara sita. Siku ya tatu nilianza kuona kwamba wale "mwewe" sita hawafanani hata kidogo.

Aliyenifungua macho hakuwa hata na haja na kuku wangu. Kwenye mnazi wa jirani kuna koloni la mnana, wale wa njano wanaoning'iniza viota kwenye makuti. Asubuhi ya siku ya nne ilizuka zogo pale, nikatazama. Ndege mkubwa wa kijivu, mwenye kichwa kidogo kuliko kilivyostahili mwili ule, alikuwa amening'inia kichwa chini kwenye kuti, mabawa yanapigapiga kutafuta mizani kama mtu aliyepanda ngazi mbovu. Uso wake haukuwa na manyoya, ulikuwa ngozi tupu ya njano. Akapenyeza mguu mmoja ndani ya kiota mpaka juu ya goti, akapapasa. Mguu ulipinda mbele, kisha ukapinda nyuma, jambo ambalo sikujua kwamba mguu waweza kulifanya. Ule uso wa njano ukageuka mwekundu kama wa mtu aliyetahayari. Akatoa kinda, akalimeza, akahamia kiota cha pili. Mnana walikuwa wanampiga kwa midomo mgongoni, wala hakushughulika nao.

Kwenye kitabu cha ndege nilichoazima baadaye nilikuta ndivyo alivyo: viungo vya miguu yake hupinda mbele na nyuma, na uso hubadilika rangi akihamaki. Mimi namwita mgema, maana sijaona ndege mwingine anayeujua mnazi vile. Siku nne kabla, ningemwua kwa kosa la kuiba vifaranga.

Hesabu ya siku nane ikawa hivi. Vifaranga wawili wengine walikwenda. Mmoja alichukuliwa na mwewe kweli, nikamwona vizuri: alishuka kutoka upande wa jua, hakutua, akanyosha mguu na kuendelea na safari. Wa pili alichukuliwa na kunguru, hawa kunguru wenye shingo ya kijivu waliojaa mji mzima. Kunguru walijaribu mara tisa, mwewe mara mbili. Mayai yaliliwa na kenge. Kwa hiyo mwizi mkuu alikuwa yule niliyemtupia makoko ya ugali kila siku kwa mkono wangu.

Kipakiti nilikirudisha dukani. Muuzaji alikipokea, pesa hakurudisha. Nikanunua wavu mkuukuu wa samaki kwa mvuvi mmoja, shilingi 800, nikauwamba juu ya kizimba. Kama shida yako ni vifaranga tu, basi soma mpaka hapa inatosha: wavu juu, vifaranga wasitoke mpaka wapate majuma sita hivi, na makoko ya ugali yasitupwe uani.

Lakini mimi nilikuwa nimeshanogewa.

Kosa la kwanza la pesa lilikuwa darubini. Nilimkuta mtu sokoni Malindi anauza moja kubwa nyeusi, imeandikwa kwamba inakuza mara 30. Nikaona hii ndiyo, kadiri inavyokuza ndivyo nitakavyoona. Shilingi 4,500, pesa ya mayai ya miezi miwili. Ukiishika, pumzi yako tu inatosha kumtoa ndege kwenye kioo. Unaona mbingu inatetemeka, unaona jani, unaona mbingu tena, ndege ameshafika Mambrui. Na baada ya wiki chache za hewa ya chumvi, ndani ya vioo mkaingia ukungu usiofutika. Sasa natumia ya 8 kwa 42, niliyoipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Ile 8 ni mara inazokuza, ile 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaoingiza mwanga. Kwa ndege anayeruka, 8 iliyotulia ni bora kuliko 30 inayotikisika. Kama huna pesa ya hiyo, usinunue kitu. Keti na macho yako. Mjomba hajawahi kushika darubini na bado ananishinda.

Kosa la pili lilikuwa jua. Mlango wa Sabaki, pale mto unapoingia baharini, unatazama mashariki. Nilidamka, nikatembea mpaka kwenye vilima vya mchanga, nikasimama nikitazama bahari, na jua likanichoma usoni. Kila ndege alikuwa mweusi. Nilirudi na orodha ya "tai weusi" wanne, ambao hivi leo nadhani mmoja alikuwa mwewe na wengine Mungu anajua. Asubuhi zunguka usimame upande wa bahari utazame bara, jua liwe kisogoni. Alasiri geuza. Wala usijitese alfajiri kwa ajili ya tai wakubwa, maana mabawa mapana hungoja ardhi ipate moto, hewa ianze kupanda iwabebe. Kwangu mimi kuanzia saa tatu asubuhi ndipo wanapoanza kuinuka wakizunguka. Kozi na vipanga wadogo hawangoji.

Tope la pale lilinila ndara jozi mbili. Tena mtoni mna viboko, kwa hiyo kabla hakujapambazuka usiende peke yako, na kwenye matete usiingie hata ukiwa na mwenzio. Uliza kwanza wenyeji viboko wamelala wapi.

Angalia pia maji. Maji yakiwa yamekupwa, ndege wadogo wa tope, hawa vitwitwi na sululu, hutawanyika mbali. Yakijaa, hasa bamvua, wote hubanana kwenye kijisehemu cha mchanga kilichobaki. Hapo ndipo mwindaji huja. Nimejifunza kutotafuta kipanga angani, bali kuwatazama wanaowindwa. Wakiruka wote kwa mpigo mmoja, kimya, wakajikunja kama nguo inayokung'utwa, inua macho juu yao. Nyumbani kazi hiyo naifanyiwa na kunguru, wale wale wezi wangu. Wakianza kumfuata mtu angani kwa makelele, nje natoka.

Aibu yangu kubwa niliipata hapo mlangoni, Januari ya mwaka wa pili, siku niliyoungana na watu waliokuja kuhesabu ndege wa majini. Walikuwa wengine wa Watamu, wengine wa mbali, wana vioo vya kusimamisha kwa miguu mitatu. Nilikuwa nimesoma juma zima habari za koho, yule mla samaki anayezaliana Ulaya na Asia na kuja kupitisha baridi kwetu. Kitabu kilisema tumbo jeupe. Akatokea ndege mkubwa juu ya maji, kifua kina weupe. Nikapaza sauti: koho! Watu kumi na moja wakageuza vioo. Kimya. Kisha kijana mmoja, kwa adabu sana, akasema, "Dada, nadhani ni furukombe mchanga."

Na kweli. Furukombe tunayemjua sote, kichwa cheupe na tumbo la hudhurungi, hazaliwi hivyo. Akiwa mchanga ni wa kahawia, ana mabaka na michirizi, kifua chaweza kuwa na weupe, na humchukua miaka kama mitano kuvaa nguo za utu uzima. Nilitamani lile tope lililomeza ndara zangu linimeze na mimi.

Niliporudi nikamsimulia mjomba. Kwake yeye wote wawili ni furukombe, hakuona kosa liko wapi. Lakini alipoelewa aliniuliza, "Wewe jahazi likiwa mbali kule, unalijuaje kuwa ni jahazi wala si mashua? Kwa rangi?"

Kwa tanga, nikasema. Kwa linavyolala, kwa mlingoti, kwa linavyoinuka kwenye wimbi.

"Sasa ndege mbona unamtafuta rangi?"

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kujifunza kweli. Rangi ya ndege wa kuwinda inadanganya: mchanga si kama mzee, jike si kama dume, aliye katikati ya kubadilisha manyoya hafanani na yeyote, na jua linapaka rangi yake. Umbo na mwendo havibadiliki kirahisi. Furukombe hata akiwa mchanga ana mabawa mapana kama mbao na mkia mfupi. Koho ana mabawa marefu membamba, yaliyovunjika kwenye kiwiko, hata kwa mbali utadhani shakwe mkubwa. Ukimpata karibu utaona mstari mweusi umepita jichoni. Halafu mtazame akivua. Furukombe kwa kawaida hupitia juu juu, anamnyakua samaki usoni pa maji. Koho husimama hewani akipigapiga, kisha anajitupa, miguu mbele, anapotea mzima majini. Anatoka kwa kishindo, anajikung'uta angali anaruka kama mbwa aliyetoka kuoga, na safarini anamgeuza samaki kichwa kielekee mbele. Mara ya kwanza kuona kile kitendo cha kumgeuza samaki nilicheka peke yangu. Ni kama mtu anavyoweka vizuri mzigo wa baiskeli.

Baada ya siku hiyo nilipanga daftari upya. Kwanza naandika mabawa: mapana au membamba, ncha zake zina vidole au zimechongoka. Kisha mkia. Kisha anavyoruka: anapiga na kuteleza, anazunguka bila kupiga, anasimama hewani. Kisha yuko wapi na anafanya nini. Rangi inakuja mwisho, na kitabu hakifunguliwi mpaka ndege ameondoka. Ukifungua kitabu ndege angali juu, utaona kilichoandikwa kitabuni badala ya ndege. Picha za simu nazo nina neno nazo. Zinafaa kwa umbo, kwa rangi usiziamini.

Hata hivyo makosa hayakwisha. Mwewe wetu mzima ana mdomo wa njano wote, na mkia wenye panda anaoupinda huku na huku kama usukani wa ngalawa. Yupo mwewe mwingine mgeni wa majira haya, ambaye mdomo wake ni mweusi na unjano umebaki kwenye shina tu. Nilipolijua hilo, mwezi mzima niliandika wageni, wageni, wageni, nikajiona bingwa. Kumbe mtoto wa mwewe wetu naye ana mdomo mweusi. Nilipiga mstari kurasa nne. Mdomo mweusi peke yake hautoshi, na mara nyingi sasa naandika "mwewe" tu nikaishia hapo.

Wanaonitoa jasho zaidi ni wale vipanga wa nyasini, wanaopita chini chini juu ya matete na nyasi, mabawa wameyainua kama herufi V, wanayumba huku na huku kama mlevi mwenye adabu. Jike la yule wa matete ni rahisi: kahawia mzito, kichwa kama kimemwagiwa tui. Lakini kuna wadogo zaidi wa aina mbili, wa Montagu na mwenzake mweupe-mweupe. Madume unaweza kuyatenga, kwani wa Montagu ana mstari mweusi uliokatiza bawa, mwenzake ni mweupe mwenye kabari nyeusi nchani. Majike na wachanga wote ni kahawia wenye doa jeupe juu ya mkia, na hata wale wenye vioo vya miguu mitatu niliwasikia wakiandika "mmojawapo wa wawili". Nilipata amani kubwa siku ile. Katika daftari langu neno linalojirudia kuliko yote, kuliko hata mwewe, ni "sijui".

Desemba ya juzi, mvua za vuli zikiwa zinamalizika, kumbikumbi walitoka jioni moja kama moshi. Nilikuwa naanua nguo. Juu kukawa na ndege wembamba, mabawa yamechongoka, wanadaka kumbikumbi kwa mguu na kuwala papo hapo hewani. Nilihesabu 60 nikapoteza hesabu. Walipogeuka upande wa jua la magharibi madume yalionyesha kwapa nyeupe kabisa, mwili wa kijivu cheusi, miguu myekundu. Kozi wa Amur. Ni wadogo, ukubwa wao kama njiwa. Huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, hupumzika kaskazini-mashariki ya India, kisha hukata Bahari ya Hindi mpaka Afrika wakisukumwa na upepo, na inadhaniwa hula kereng'ende wanaovuka nao. Mjomba alikuwa amekaa barazani. Nikamweleza upepo unaowaleta, akasema si huo huo uliokuwa ukileta majahazi ya Waarabu, unanifundisha nini wewe?

Nilimweleza na lingine: kwamba mwaka 2012 huko Nagaland, India, kozi hawa walinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu na kuuzwa kwa nyama, na mwaka 2013 wanavijiji wenyewe wakaacha kabisa. Mjomba akanitazama muda. Hakusema kitu kuhusu kipakiti, lakini nilijua anakifikiria. Mimi nilikuwa nafikiria tai wa nyika, wale wanaotoka nyika za Urusi na Kazakistani kuja kupitisha baridi Afrika ya Mashariki. Wamo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na mizoga hawaikatai. Matumbo ya samaki juu ya paa wangeyapenda sana.

Gharama zote nimezijumlisha: darubini mbovu 4,500, nzuri 9,000, ndara, nauli za tuktuk, kipakiti 350. Kuku wa kienyeji hawalipi pesa hiyo mwaka mmoja, naomba mume wangu asisome hapa.

Asubuhi ya leo nilikuwa nawapa vifaranga maji. Wako 11, wote chini ya wavu. Kunguru walizua zogo juu ya mkwaju, nikatoka. Kipanga mdogo alipita kati ya miti, mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu, mapigo matatu na mtelezo, akapotea. Sekunde tatu hivi. Niliandika mabawa, mkia, mwendo, saa. Mjomba akauliza kutoka barazani ni nani huyo.

"Sijui, mjomba."

"Mwewe," akasema, akaendelea na chai yake.